Mafuta ya Kiangazi

Malalo ya Chinyaluko yalinukia mapera yaliyoiva kupita kiasi. Mgeni aliyeshuka humo kwa mara ya kwanza aliangaza huku na huku akitafuta kapu la matunda, na Perisi, mkeshaji wa miaka mingi, alimwambia asijisumbue. Hakukuwa na tunda. Ile ilikuwa pumzi ya watu mia mbili waliolala. Mtu anayekula mafuta ya mwili wake mwenyewe hupumua hivyo, utamu wenye uchachu, na Perisi alikuwa amejifunza kuisoma pumzi hiyo kama mpishi anavyosoma mvuke wa chungu.

Ndiyo maana asubuhi ile alisimama kando ya kitanda cha Damari kabla mtambo wa tahadhari haujalia.

Aliinama, akanusa tena. Harufu ilikuwa kali kuliko ya jirani zake wa kulia na wa kushoto. Akaweka mgongo wa mkono wake kwenye paja la yule binti. Ngozi ilikuwa baridi, na hilo halikumshangaza, kwani mle chini ya ardhi mwili wa aliyelala hushuka joto mpaka ukakaribiana na mwamba. Lakini paja lenyewe lilikuwa limelegea kama mfuko uliopunguzwa nafaka, na msimu ulikuwa haujafika hata nusu.

"Hezroni," aliita. "Hebu njoo na kipimo."

Hezroni Mahinyila, fundi wa mitambo na mwenzake wa pekee katika zamu ile, alikuja akikifuta kipimo kwenye suruali. Alikipitisha kwenye paja, kwenye nyonga, kwenye kiuno. Kwenye kioo mafuta ya Damari yalionekana kama ukanda mweupe, na ukanda ulikuwa mwembamba.

"Mama, hii si kawaida," alisema. "Alipoingia alikuwa amenona kuliko nusu ya wanawake wa humu. Anaungua kama watu wawili."

Neno hilo lilipomtoka, Perisi akaonyesha kwa kidole, chini ya kitovu. Hezroni akakisogeza kipimo polepole, akakibonyeza. Ndani ya kivuli kitu kidogo mfano wa njugumawe kilipiga. Kikatulia muda mrefu. Kikapiga tena.

"Lakini wanawake wote walipimwa mimba," Hezroni alinong'ona, kana kwamba angewaamsha.

"Walipimwa. Pengine siku ile ilikuwa siri hata kwake mwenyewe."

Watu wa Chinyaluko waliijua habari ya mafuta kama babu zao walivyoijua habari ya ng'ombe. Wakati wa masika walikula uwele, karanga na maziwa ya mgando, walikula kwa bidii kama watu wanaolima. Chakula kilipoingia kwenye damu, kongosho lilitoa ujumbe wake, na chembe zilizo chini ya ngozi zikafungua milango. Kila chembe ilichukua mikia mitatu ya mafuta, ikaifunga kwenye kichwa kimoja, ikaitia katika tone lake. Tone likakua na kukua mpaka likakisukuma kiini cha chembe na vyombo vyake vyote vya kazi ukutani, chembe nzima ikabaki kama pete nyembamba iliyobeba kito kikubwa. Kisha mvua zilipokatika ilikuja sindano ya komba. Iliitwa hivyo kwa sababu wataalamu walijifunza siri yake kwa komba wadogo wa Madagaska, ambao hujaza mafuta mkiani na kuupitisha ukame usingizini. Baada ya sindano, moyo hupunguza mwendo, mwili hupoa, na milango ya chembe hufunguka kwa nje. Mikasi midogo iliyomo ndani huikata mikia kutoka kwenye vichwa vyake, damu huibeba hadi kwenye moyo na misuli, na huko, ndani ya majiko madogo yasiyoonekana kwa macho, hukatwa vipande viwili viwili mpaka kila kitu kiwe joto, pumzi na maji.

Maji ndiyo yaliyokuwa shabaha. Visima vya Chinyaluko havikuweza tena kuwanywesha watu mia mbili mpaka mvua irudi. Lakini kilo ya mafuta ikichomwa hutoa maji yanayopita kilo. Aliyelala alikuwa akinywa mwili wake mwenyewe, tone kwa tone, na kisima kilibaki kwa wakeshaji wawili.

Mimba haikuwa imeingizwa kwenye hesabu hiyo. Si kwamba ile njugumawe ilikula sana. Ni mwili wa Damari uliokuwa unachochewa nayo kila saa, jiko lililotakiwa kufukiwa majivu likawa linapulizwa.

*

Walipanda juu, wakaketi kwenye kivuli cha ukuta wa lango. Mbele yao kijiji kilikuwa kimelala vilevile. Milango ilikuwa imefungwa kwa kamba za katani. Ng'ombe walikuwa mbali mashariki, kwenye bonde la mto, pamoja na wachungaji, na Simeoni mume wa Damari alikuwa miongoni mwao. Watoto walikuwa kwenye mabweni ya ziwani, ambako hukaa kila kiangazi mpaka watimize umri wa sindano. Upepo uliinua vumbi jekundu, ukalitembeza kwenye uwanja mtupu, ukaliangusha.

Perisi hakuwahi kuuzoea ukimya ule. Hezroni alizaliwa baada ya malalo kuchimbwa, kiangazi kwake kilikuwa ziwa na bweni, na sasa kazi. Lakini Perisi aliujua uwanja ule ulipokuwa umejaa. Zamani kiangazi ndicho kilichokuwa wakati wa watu. Mavuno yakiwa ghalani, hakuna palizi, hakuna matope, kila mtu alikuwa na siku yake mkononi. Harusi zote zilingoja kiangazi. Wajomba walikuja kwa miguu kutoka mbali na kukaa mpaka wachokwe. Na jioni jua likiwa bado liko juu kidogo, wanawake walitoa ngoma za muheme, wakazibana katikati ya magoti, wakapiga mpaka vumbi likapanda kiunoni. Yeye na Loisi walikuwa wakisimama bega kwa bega katika safu ile. Loisi, aliyekuwa na mikono minono na kicheko cha kusikika ng'ambo ya korongo. Loisi ambaye sasa alikuwa amelala huko chini, vitanda vitatu kutoka kwa binti yake Damari.

"Tukimwamsha Damari?" Hezroni aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Ataunguza kila kilichobaki ili apate joto. Mimba itatoka. Na yeye mwenyewe sijui."

"Tukimwacha?"

"Mafuta yataisha kabla ya mvua. Baada ya mafuta mwili utaanza kula nyama, na moyo nao ni nyama."

Hezroni alichora mstari kwenye vumbi kwa kijiti. "Basi ni kumtilia."

Walijua wote maana yake. Mwili uliolala hautambui sukari wala uji, unatambua mafuta tu. Mafuta ya ng'ombe huganda katika damu baridi. Ya alizeti yaliwahi kujaribiwa kwenye malalo mengine, yakawafunga watu mapafu. Kilichofaa ni mafuta laini ya mtu wa damu moja, yaliyovutwa kwa sindano, yakachujwa na kudondoshwa taratibu kwenye mshipa. Na Damari alikuwa na mtu mmoja tu wa damu yake mle ndani.

"Mama yake ndiye mnene kuliko wote," Hezroni alisema. "Kama ingekuwa ni kuchagua, tusingechagua vingine. Tukivuta leo, Damari atafika kwenye mvua."

"Na Loisi?"

"Atafika pia. Ila kuamka kwake..." Alizungusha kijiti. "Kuamka kunataka mafuta mengi kwa mkupuo. Anaweza kuamka. Anaweza asiamke."

"Basi tumwulize."

Hezroni aligeuka kumtazama. "Tumwulize vipi, mama? Kumwamsha kunakula mafuta hayohayo tunayotaka kumwomba. Tukimwamsha, akakubali, yatatosha kwa shida. Yeye mwenyewe hatakuwa na akiba ya kurudi kulala, itabidi akae macho ale chakula chetu na anywe maji yetu mpaka masika. Na akikataa tutakuwa tumepoteza bure."

"Najua."

"Mama gani anamkatalia mwanawe?"

Perisi alikumbuka ugomvi wao. Siku ya kupima unono, kijiji kizima kikiwa kimepanga foleni, Loisi na Damari waligombana mbele za watu. Damari alisema huo ulikuwa usingizi wake wa mwisho. Mvua zikirudi yeye na Simeoni wangehamia kwenye maji ya mwaka mzima, kwa kuwa hakutaka kuzaa mtoto na kumpeleka ziwani akawe mgeni kwake. "Ninyi mmelala maisha yenu yote," alimwambia mama yake, "na mimi nimelelewa nusu." Loisi alijibu kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Kuanzia leo usiniombe hata chumvi." Wakalala hivyo, vitanda vitatu katikati yao.

"Kama una hakika atakubali," Perisi alisema hatimaye, "kwa nini unaogopa kumwuliza?"

"Siogopi jibu. Naogopa bei ya swali."

"Hezroni, watu hawa walivua nguo zao wakalala mbele yetu. Tuliapa kwamba kilicho chini ya ngozi ya aliyelala ni chake. Leo tukichota kwa sababu nzuri, mwakani atakuja mtu mwenye sababu nzuri kidogo. Mwaka wa tatu atakuja mwenye nguvu tu. Mtu si mtungi."

"Na mtoto akifa kwa ajili ya kiapo?"

Perisi alilitazama vumbi. "Basi nitakuwa nimemuua, na nitakaa nalo."

Hezroni akakivunja kijiti vipande viwili, akainuka. "Nitawasha mtambo wa kuamshia," alisema. Hakusema kwamba amekubali.

Perisi alibaki pale kidogo. Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia Hezroni, wala hakupenda kujiambia. Chini ya sababu zake zote njema kulikuwa na nyingine ndogo, nyonge, iliyokuwa ikimkera: alitaka kuisikia sauti ya Loisi wakati wa kiangazi. Hakujua ni ipi kati ya sababu hizo iliyokuwa inaamua.

*

Mtu akiamshwa, moto huanzia mgongoni. Katikati ya mabega na kuzunguka shingo kuna mafuta ya aina nyingine, ya kahawia, yaliyojaa majiko kuliko matone. Hayo hayaweki akiba. Kazi yake ni kuichoma akiba ya wenzake ili kuleta joto, basi.

Hezroni alimchoma Loisi sindano ya kwanza adhuhuri. Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha Perisi, aliyekuwa ameweka kiganja chini ya shingo ya Loisi, alihisi uvuguvugu kama wa jiwe lililoachwa juani. Uvuguvugu ukageuka joto. Moyo uliokuwa ukipiga kwa kusitasita ukaanza kutembea, kisha kukimbia. Mwili ukatetemeka wote, meno yakagongana, na harufu ya mapera ikajaa chumba mpaka Hezroni akafunika pua. Kwenye kioo ukanda mweupe wa Loisi ulikuwa unapungua wakiutazama. Perisi alitamani auzuie kwa mikono.

Jua lilipokuwa linaelekea magharibi, Loisi alifumbua macho.

"Mbukwa," Perisi alimsalimu kwa Kigogo.

Midomo ilihangaika kwanza. "Mbukwa." Macho yakamzunguka, yakauona mlango, yakaiona taa. "Mvua imenyesha?"

"Bado, mwenzangu."

Loisi alilitafakari jibu hilo. "Basi nani kafa?"

"Hajafa mtu."

Wakampa maji ya uvuguvugu kwa kijiko, wakamfunika blanketi. Perisi akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akamweleza yote. Hakupamba. Alimweleza habari ya mimba, ya ukanda mwembamba, ya sindano. Akamweleza pia yale ambayo yangeweza kufanywa bila yeye kujua.

"Mngenivuta nikiwa nimelala," Loisi alisema, "ningejua?"

"Usingejua."

"Ningeamka?"

"Huenda."

"Mjinga wewe, Perisi." Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo lakini hasira ilikuwa ya kwake kabisa. "Umechoma nusu ya mwili wangu ili uniulize. Na kama mafuta yaliyobaki hayatoshi? Umelifikiria hilo?"

"Nimelifikiria."

"Toka. Tokeni nyote wawili."

Walitoka. Hezroni alisimama koridoni na mikono mifukoni, hakumtazama Perisi machoni. Dakika zilipita. Kisha walisikia kitanda kikilalamika, na nyayo, moja, halafu nyingine, za mtu anayejishikiza ukutani. Perisi alichungulia. Loisi alikuwa amejiburuza na blanketi lake, amepita kitanda cha kwanza na cha pili, amesimama juu ya Damari.

Alimtazama muda mrefu. Alimgusa nyusi kwa kidole gumba, akizilainisha, kama mtu anayeondoa vumbi kwenye picha.

"Kila masika walikuwa wananishushia mtoto mwingine kwenye lile gari la ziwani," alisema bila kugeuka. "Namwacha hana meno ya mbele, narudishiwa mwenye meno. Namwacha anaogopa kuku, narudishiwa anayejua kusoma. Mwaka mmoja alishuka akanipa mkono, Perisi. Akanisalimia kwa mkono kama mwalimu wake. Nikacheka mbele za watu, halafu nikaenda nyuma ya nyumba. Aliposema amelelewa nusu nilitaka kumpiga kofi kwa sababu ni kweli."

Hezroni alikuwa amekuja nyuma ya Perisi.

"Vuteni," Loisi alisema. "Vuteni yote mnayoweza. Na msinilaze, nataka kuona."

*

Mafuta ya mtu yakiwa kwenye chupa yana rangi ya njano ya siagi ya ng'ombe aliyekula majani mabichi. Hezroni aliyachuja, akayapasha, akayaning'iniza juu ya Damari, na tone la kwanza likashuka kwenye mrija. Loisi, amelala ubavu na bendeji kiunoni, alilifuata kwa macho mpaka likapotea mkononi mwa binti yake.

Hayakuwa mengi kama yale ambayo wangeyapata kabla ya kumwamsha. Hezroni alilisema hilo mara moja tu, kwa upole, na Perisi alilipokea bila kujitetea. Yalitakiwa kugawanywa kwa ubahili, kidogo kila wiki, huku wakiuangalia ukanda na ile njugumawe iliyokuwa sasa na umbo la kidole gumba. Baada ya kumpima Loisi mgongo, Hezroni aliwaambia na jambo la pili. Mafuta ya kahawia katikati ya mabega yake yalikuwa yamekwisha, na kwa umri wake hayatarudi ya kutosha. Akilala tena hataamka. Viangazi vyote vilivyobaki vya maisha yake angekuwa macho.

"Haya," Loisi alisema. "Nitakuwa napika."

Kupika hakukuwa na mengi. Chakula cha wawili kilikuwa sasa cha watatu: uji mwepesi wa uwele, mlenda mkavu, karanga za kuhesabia. Kisima kiliposhuka walikwenda kuchimba mchanga kwenye korongo, wakisubiri maji yajikusanye kwenye shimo kikombe kwa kikombe. Loisi aliyekuwa jabali alianza kuonyesha mifupa. Ngozi ya mikono yake ilining'inia kama nguo ya mtu mwingine. Perisi naye alikonda, na Hezroni alikaza mkanda mpaka akautoboa tundu jipya kwa msumari.

Lakini hata katika njaa ile, kitu kilikuwa kimerudi Chinyaluko.

Loisi alikuwa hajakiona kiangazi tangu ujana wake. Siku ya kwanza alipoweza kupanda ngazi, alisimama langoni akilitazama anga lisilo na wingu hata moja, na machozi yakamtoka kwa mwanga au kwa jambo jingine. "Nilisahau kuwa ni buluu namna hii," alisema. "Kumbe nilikuwa nakumbuka mawingu tu." Alivuta hewa: nyasi kavu, mavi ya ng'ombe yaliyokauka, mawe yaliyoungua jua. Akaanza kutaja majina. Pale ndipo Mzee Chidong'o alipokuwa akitundika mizinga. Pale ndipo harusi ya dada yake ilipochezwa mpaka ukuta wa jirani ukabomoka. Perisi alimrekebisha, haukuwa wa jirani, ulikuwa wa baba mkwe. Wakabishana, wakacheka, wakabishana tena, na Hezroni akaacha kushughulikia betri zake ili asikilize.

"Watu wote hao walikuwa wanafanya nini mchana kutwa?" aliuliza. "Kiangazi hakuna kazi."

Wanawake wawili walitazamana. "Walikuwa wanakaa," Perisi alimjibu. "Mtu anakuja anakaa kwako. Kesho unakwenda unakaa kwake."

"Kwa sababu gani?"

Siku hiyo Loisi aliingia nyumbani kwake, akatoka na ngoma mbili zilizokuwa zimepasuka ngozi. Walizikaza kadiri walivyoweza, wakazianika juani. Kisha wanawake wawili waliokonda, wa miaka hamsini na kitu, walisimama kwenye uwanja mtupu, wakazibana ngoma magotini, wakapiga. Mwanzoni mikono haikukubaliana. Halafu ikakubaliana. Hawakuwa na nguvu za kuruka, walitikisa mabega tu, na vumbi halikupanda zaidi ya vifundo vya miguu. Lakini Hezroni, aliyezaliwa kijijini pale na asiyewahi kukiona kiangazi cha kwao ila kama zamu ya kazi, alisimama mbele ya lango la malalo na bisibisi mkononi, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikia jina lake likiitwa kutoka mbali.

Jioni ile Loisi alishuka kama kawaida kukaa na Damari. Alimsimulia mambo ya mchana. Alikuwa amepata desturi hiyo, kumsimulia kila kitu, ile nusu ambayo wote wawili waliikosa, ingawa Hezroni alimwambia masikio ya aliyelala hayasikii.

"Sina haja asikie," Loisi alisema. "Nina haja ya kusema."

Mafuta ya kwenye chupa yaliisha mapema kuliko walivyotarajia. Hapo zikaja siku mbaya kuliko zote, siku za kungoja wingu. Perisi alikuwa akiipima pumzi ya Damari asubuhi na jioni. Alilala akihesabu kile ambacho swali lake liliteketeza. Mara moja alimwambia Loisi: "Nikikosea, usinisamehe." Loisi alikuwa akipepeta uwele. Hakuacha kupepeta. "Uliniuliza," alisema. "Tangu nizaliwe sijaulizwa jambo kubwa kama hilo. Mvua waliamua wengine, malalo waliamua wengine. Nyamaza upepete huu."

*

Mvua ilikuja mchana, bila upepo, matone mazito yaliyochimba vishimo kwenye vumbi. Hezroni aliiacha imloweshe huku akikimbilia mtambo. Kanuni ilikuwa kuwaamsha wazee kwanza, lakini safari ile walianza na Damari, na kwa siku mbili, tangu wingu la kwanza lijitokeze, walikuwa wakimkanda kwa blanketi na chupa za maji moto, ili joto la nje limpunguzie joto la ndani la kulipia.

Perisi aliweka kiganja chini ya shingo yake. Uvuguvugu ulichelewa. Ulipokuja ulikuwa hafifu, ukasita, na Hezroni akawa anasoma kioo kwa sauti iliyokauka: mapigo, mapigo, yamesimama, hapana, yapo. Loisi alikuwa amepanda kitandani, amemkumbatia binti yake kwa nyuma, kifua kwa mgongo, akimpa joto la mwili wake mwenyewe kwa kuwa hakuwa na kingine cha kutoa. Mtetemeko ulipoanza uliwatikisa wote wawili kama mtu mmoja.

Kisha ukatulia. Moyo ulikuwa unatembea. Hezroni akashusha kipimo chini ya kitovu, akakishikilia pale, na Perisi akamwona akiuma mdomo. Akakigeuza kioo ili nao waone. Kile kidogo kilikuwa na kichwa, na mkono umeinuliwa usoni, na moyo wake ulikuwa umeacha kusitasita. Ulikuwa unapiga mbiombio, kama wa ndege.

Loisi alishuka kitandani, akachukua kikombe cha uji kilichokuwa kinangoja, akakoroga ili uji usigande. Juu yao mvua ilikuwa ikipiga kwenye mlango wa lango, na katika vitanda vya jirani watu mia moja na tisini na kitu waliendelea kulala bila kujua chochote.

Damari alifumbua macho. Yalihangaika kwenye dari, yakashuka, yakamfikia mwanamke mwembamba aliyekuwa ameinama juu yake, mashavu yameingia ndani, shingo ina mishipa, ngozi ya mikono inaning'inia. Alimkazia macho. Mama yake mzazi aliyekuwa akimjua alijaza mlango alipoingia. Huyu alifanana na marehemu bibi yake, aliyezikwa Damari akiwa mtoto.

"Bibi?" aliuliza kwa sauti ya kukwaruza.

Loisi aliuchukua mkono wa binti yake, mwepesi kama ufagio, akauweka juu ya lile tumbo dogo na kuufunika kwa wake.

"Bado," alisema. "Nisubirie miezi michache. Kunywa uji."